Farumi Isiyoonekana

Mtu anunuaye chombo cha matanga kwa ajili ya jamaa yake hutaka mambo mawili yasiyopatana. Leo ataka kushindana, basi chombo na kiwe chepesi. Kesho ataka kuwachukua mkewe na watoto, basi kiwe na vitanda, jiko na nafasi ya kujinyoosha. Wabunifu wa Ulaya wamejitahidi kwa miaka mingi kuyapatanisha hayo, na hakimu wao ni bahari.

Mwezi wa Agosti 1979, vyombo 303 viliondoka Cowes, kusini mwa Uingereza, kushindana hadi mwamba wa Fastnet ulio karibu na Ireland, kisha Plymouth. Tufani ikavikuta njiani. Washindani 15 walipoteza maisha, na vyombo 24 vikaachwa na mabaharia wake.

Kanuni za mashindano za wakati ule zilikuwa zimewashawishi wabunifu kuunda vyombo vipana na vyepesi. Upana huleta nafasi ndani, nao husaidia mwendo. Lakini chombo kipana kikipinduliwa na wimbi, upana huo huo huweza kukifanya kitulie juu chini kama sinia iliyofunikwa. Chembamba chenye farumi nzito, hata kikilazwa mlingoti ukaingia majini, hujiinua chenyewe.

Katika daraja la vyombo vidogo kabisa, kimoja tu ndicho kilichomaliza safari. Kiliitwa Assent, cha aina ya Contessa 32, iliyobuniwa na David Sadler pamoja na mwundaji Jeremy Rogers. Urefu wake ni mita 9.75 na upana mita 2.9. Uzito wake ni kilo 4,300 hivi, na karibu nusu ya uzito huo ni farumi.

Aina hiyo haikosi lawama: chumba chake ni chembamba, na sitaha yake hulowa upesi. Hiyo ndiyo bei ya usalama wake.

Mzee wa pwani yetu hahitaji kuelezwa hayo. Jahazi tupu hatalitweka tanga bila farumi. Basi mzazi atakayevutiwa na mito laini na jiko linalong'aa, na ainame kwanza atazame mkuku. Kilichowafikisha bandarini mabaharia wa Assent kilikuwa chini ya maji, mahali ambapo mgeni wa chombo hatazami.