Chuma cha kuchomelea hakitatuokoa kwenye barabara ya Uvira–Baraka

BARAKA, Fizi – Katika garaji za hapa Baraka kuna kazi moja ambayo wenye magari wanaipenda sana: kuongeza chuma. Noah au Probox inaletwa, fundi anafungua kapo na kufunga chuma kutoka upande mmoja hadi mwingine, juu ya amortiseri za mbele. Au analala chini ya gari na kuchomelea vyuma vya kushikanisha shasi. Mwenye gari anaondoka akiamini kwamba gari yake imekuwa na nguvu za Land Cruiser. Kesho yake mzigo unaongezwa.

Maoni yangu ni haya: kwa magari mengi yanayotubeba hapa Fizi, chuma hicho ni pesa iliyowekwa mahali pasipo pake. Na kinapotumiwa kama ruhusa ya kupakia zaidi, kinakuwa hatari kwa wasafiri.

Tuanze na kazi yake. Chuma hicho kilitoka kwenye magari ya mashindano. Gari ya mwendo ikikata kona kwa kasi kwenye lami, gurudumu la nje linasukuma sana, na mahali ambapo kichwa cha amortiseri kimefungwa kwenye bodi panasogea kidogo. Ni milimita chache tu, lakini zinatosha kubadilisha namna gurudumu linavyokanyaga lami. Chuma kinashika vile vichwa viwili visisogeleane. Shofa wa mashindano anasikia usukani ukimjibu vizuri zaidi. Hata huko, faida yake ni ndogo kwa gari ambayo bodi yake ilitengenezwa ngumu tangu kiwandani. Kampuni ya STI, ambayo ni tawi la mashindano la Subaru huko Japani, inauza hata chuma chenye kiungo katikati: kinazuia bodi kwenda pembeni, lakini kinaiacha icheze kidogo juu na chini. Watu hao wanajua kwamba gari iliyokazwa kila mahali haishiki njia vizuri.

Sasa tuje kwenye barabara yetu. Kutoka Uvira mpaka Baraka ni karibu kilomita 90 za Barabara ya Taifa namba 5, kupitia Makobola, Swima na Mboko. Wakati wa kiangazi ni mawe na matuta madogo yanayotetemesha gari toka asubuhi mpaka jioni. Mvua ikinyesha ni matope na mashimo. Hapo hakuna anayekata kona kwa kasi ya mashindano. Kinachoharibu gari ni kugongwa kutoka chini, maelfu ya mara kwa safari moja. Mapigo hayo yanapokelewa kwanza na gurudumu, kisha resori, kisha amortiseri, kisha vile vipira vidogo vinavyoshika mikono ya magurudumu. Vitu hivyo vikifa, pigo lote linafika kwenye bodi. Chuma hakilimezi pigo hilo. Kinalihamisha tu, kutoka sehemu moja ya bodi kwenda nyingine.

Ndiyo maana magari mengi yaliyochomelewa yanapasuka tena, na mara nyingi ufa mpya unaanza pembeni kabisa ya pale palipochomelewa. Moto wa kuchomelea unabadilisha chuma kilicho jirani, na pale ambapo kigumu kinakutana na laini ndipo panapovunjika. Kwa Fuso na malori mengine jambo hili ni zito zaidi. Shasi yao ni kama ngazi, na ilitengenezwa ili ijinyonge kidogo kwenye njia mbovu. Ukiifunga kila upande, unaizuia kufanya kazi yake. Kuchomelea kwenye kingo za juu na za chini za shasi ya lori ni kitu ambacho watengenezaji wanakataza. Hilux na Land Cruiser nazo zina shasi ya ngazi. Chuma cha kapo hakiziongezei kitu cha maana.

Shofa na wenye magari wana jibu lao, na lazima tulisikilize. Wanasema amortiseri mpya ni ghali, na zile za okazio hazikai. Vipuri vingi vinapita Uvira au vinavuka ziwa kutoka Kigoma. Vita vikifunga njia, kama tulivyoona Desemba 2025 wakati Uvira ilipotekwa, bei inapanda au kitu kinakosekana kabisa. Chuma kinapatikana hapa hapa, fundi yupo, na kazi inaisha kwa siku moja. Hiyo ni kweli. Lakini kitu kinachopatikana kwa urahisi si lazima kiwe ndicho gari inachohitaji. Ukiwa na homa ya malaria, dawa ya minyoo haitakuponya hata kama ndiyo iliyobaki dukani.

Wengine wanatukumbusha Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye njia mbovu kama za kwetu. Toyota Celica iliyashinda miaka mitatu mfululizo: 1984, 1985 na 1986. Ni kweli, bodi za magari ya Safari ziliimarishwa. Lakini magari hayo yalikuwa na mafundi waliosubiri njiani na amortiseri mpya mkononi, na ndani walikaa watu wawili tu. Sisi tumechukua chuma, tukaacha amortiseri, kisha tukapakia watu kumi na mbili na magunia juu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Gari iliyoongezewa chuma na majani ya resori haionekani tena kuinama nyuma. Mwenye gari anaona bado kuna nafasi. Lakini breki ni zile zile. Magurudumu ni yale yale. Kiwanda kilizipima breki kwa uzito fulani, na chuma cha fundi hakiongezi hata kidogo nguvu ya kusimama. Mteremko wa kutoka Fizi-centre kuja ziwani unawajua wote waliokwisha kusikia harufu ya breki zinazoungua.

Na ni nani anayekaa juu ya mzigo? Ni mama anayekwenda sokoni, ni mgonjwa anayeletwa hospitali, ni familia iliyokimbia vita ikiwa na godoro, sufuria na watoto. Aliyekimbia hana nafasi ya kuchagua gari. Anapanda ile iliyopo. Kwa hiyo si haki kumwambia achunguze gari peke yake wakati wengine wote wamenyamaza.

Je, chuma hakina faida hata siku moja? Kina faida katika hali moja. Gari ndogo ambayo bodi yake ndiyo shasi, kama Noah, Ipsum au Probox, ikianza kupasuka pale juu ya amortiseri za mbele, fundi mzuri anaweza kuziba ufa kwa bamba na kufunga chuma kwa bulo, bila kukichomelea, ili pasifunguke tena. Hiyo ni kutibu kidonda. Lakini ifanyike baada ya kubadilisha amortiseri zilizokufa, la sivyo ufa utarudi. Nanyi vijana mnaopaka chuma rangi nyekundu ili gari ionekane ya mwendo, pesa ni yenu. Ila anzeni na magurudumu.

Kwa mwenye gari, mpango wangu ni huu. Kwanza magurudumu mazuri yenye upepo unaostahili. Pili amortiseri, mbili mbili kwa pamoja, si moja leo na nyingine mwakani. Tatu vipira na viungo vya usukani. Nne breki. Chuma kije mwisho, kama kuna sababu. Na katika pesa ambayo shofa analeta kila jioni, wekeni kidogo pembeni kwa ajili ya vipuri, mkubaliane na shofa na muandike. Shofa anayedaiwa hesabu nzima kila siku hawezi kukataa mzigo.

Kwa mashirika yanayokodi magari kubeba misaada au wahamishwa: msiangalie karatasi peke yake. Tumeni fundi alale chini ya gari kabla ya kulipa. Chama cha mashofa na polisi wa barabarani wanaweza kufanya hivyo kwenye parking, gari ikiwa bado haijajaa. Na serikali ina deni lake. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008 na unapata pesa kwenye mafuta tunayonunua. Barabara yetu nayo inadai sehemu yake, kwa sababu hakuna amortiseri inayoweza kushinda mashimo yasiyofukiwa.

Kwa msafiri, haya yanaonekana bila kuwa fundi. Tazama kama gari imesimama imeinama upande mmoja. Tazama kama kuna mafuta yanayotiririka kwenye amortiseri, na kama nyuzi za gurudumu zimetokea nje. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie. Ikiruka-ruka zaidi ya mara mbili, amortiseri imekufa. Mkiona hivyo, semeni mkiwa wengi. Msafiri mmoja anaambiwa ashuke, lakini wasafiri kumi wakikataa kupanda, shofa atapunguza magunia.