Ngao ya Uvira iwe na Mto Wake

Sisi makarani wa migodi twapiga mihuri kutwa, na twajua kwamba ngao si pambo. Ngao aliyoileta Mfalme Leopold II ilikuwa na simba wa Ubelgiji na maneno *Travail et Progrès*, yaani Kazi na Maendeleo. Kazi wazee wetu waliiona. Maendeleo yalipanda meli. Katiba ya 2006 iliweka kichwa cha chui, pembe ya ndovu, mkuki na jiwe. Vema, hiyo ni ya taifa.

Lakini mji nao una haki ya ngao yake. Ya Uvira twaitaka na mtumbwi, ndagala (nani asiyewala?), milima ya Mitumba, na mto Mulongwe uliobomoa nyumba zetu Aprili 2020. Mto usifichwe. Uchorwe juu ya mlango wa meya, aupite kila asubuhi.