Mwenye Shamba na Haki Yake Katika Zaka



Tumeletewa suala na jamaa wa msikiti mmoja wa mjini. Mkulima wa pande za Ganze ana ngiri, daktari amemwambia apasuliwe, naye hana cha kulipa. Walipokaa kumchangia, mmoja wao akahoji: mtu huyu ana ekari tatu na mbuzi wanne, mbona asiuze kwanza, ndipo aitwe maskini?

Twajibu kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Maskini si asiye na kitu; ni mwenye kitu kisichomtosha. Mwenye shamba ambalo mavuno yake hayakidhi haja za nyumba yake yumo katika wanaostahiki zaka, wala halazimishwi kuliuza. Imamu Nawawi ameliweka wazi jambo hili. Na akili nayo yalikubali: auzaye shamba leo ili apasuliwe, mwakani mtamkuta mlangoni akiomba unga. Matibabu ni haja kama chakula na mavazi.

Wala msingoje Ramadhani, kama ilivyo ada yetu. Mtu huweza kulima na ngiri miaka, akisema ni mshipa tu. Lakini utumbo ukinasa na kukosa damu, huwa ni jambo la saa, na gari la usiku huko si jepesi kupatikana. Aliyefikisha nisabu aruhusiwa kuitanguliza zaka kabla mwaka haujatimia.

Tazameni pia bima yake. Tangu Oktoba 2024 SHA imeshika nafasi ya NHIF. Mchango wa asiye na mshahara haupungui shilingi 300 kwa mwezi, nao hutakiwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mtu anayeishi kwa msimu wa mahindi, 3,600 kwa mkupuo ni mlima. Anzeni hapo, kisha mtazame kilichosalia: nauli, dawa, chakula cha anayemuuguza.

Fedha hizo ni milki yake. Mkabidhini mwenyewe, au mtakeni idhini ndipo mumlipie. Picha yake msiitie katika WhatsApp. Hakuomba kujulikana, ameomba kutibiwa.

Akishapasuliwa ataambiwa asinyanyue kizito wala asishike jembe kwa majuma kadhaa, na masika hayamngoji mgonjwa. Basi katika hesabu yenu tieni na ujira wa kibarua wa kumlimia.