Siyo Zilipendwa, Bado Zinapendwa

Kuna prodyuza mmoja mkubwa tu hapa mjini, jina lihifadhiwe maana mashabiki wake wana hasira za karibu, ambaye kila akipewa maiki lazima auponde muziki wa Uingereza wa miaka ya 80. Ule wa synthpop na new wave: vinanda vya umeme, nywele zilizosimama kama zimepigwa shoti, wanaume na wanja machoni. Kwake yeye zile ni kelele za mashine, hazina roho, na kijana wa leo anayezisikiliza anaigiza tu Uzungu aliouona Netflix. Nyuma yake kuna ma-DJ na watangazaji wanaoitikia kama kwaya. Ukiweka Depeche Mode kwenye status, unajifanya mzungu. Ukiweka New Order, ah, hizo si zilipendwa!

Zilipendwa na nani? Neno lenyewe linasema mambo yalishapita. Sasa "Running Up That Hill" ya Kate Bush ilitoka 1985 na Uingereza ikaishia namba 3. Mwaka 2022, baada ya kusikika kwenye Stranger Things, ikapanda mpaka namba 1. Miaka 37 baadaye! Wabishi wanadakia hapo hapo: unaona, ni tamthilia hiyo. Sawa, tamthilia iliwafungulia watu mlango. Lakini nyimbo ngapi zinapigwa kwenye tamthilia kila wiki na kesho yake hakuna anayezikumbuka? Na "Take On Me" ya a-ha, wale vijana wa Norway, video yake ilivuka watazamaji bilioni moja YouTube mwaka 2020. Bilioni hiyo si wazee peke yao waliokaa wakikumbuka ujana. Mtoto wa 2004 hawezi kukumbuka disko la 1985. Hakuwepo.

Hiyo ya roho ndiyo inachekesha zaidi, kwa sababu ni hoja ya zamani kuliko muziki wenyewe anaouita wa zamani. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la Musicians' Union, chama cha wanamuziki cha Uingereza, lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za kupiga ngoma zipigwe marufuku. Wapiga vyombo waliona ugali wao unaondoka. Hofu yao ilikuwa na maana, ilikuwa ni njaa. Huyu wa kwetu anaogopa nini? Hakuna hit yake hata moja yenye mpiga ngoma aliyekaa kwenye kiti. Kila kitu anakitoa kwenye kompyuta, tena sauti nyingine kazipakua bure.

Na akienda club wikiendi anachezea nini? Amapiano. Ile log drum inayotikisa vifua vya watu sehemu kubwa imetoka kwenye DX10, kinanda cha kwenye FL Studio kinachotengeneza sauti kwa njia ya FM. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoipa jina DX7 ya Yamaha, iliyoingia sokoni 1983 na kusikika kwenye nyimbo nyingi za muongo ule. Yaani jamaa anamtukana babu huku amembeba mjukuu mgongoni.

Takataka zilikuwepo, tena nyingi, hilo halina ubishi. Kuna sauti moja ya piano ya DX7 ilitumika kwenye nyimbo za mapenzi mpaka ikachosha. Lakini zilizobaki hazikubaki kwa bahati. Vinanda vingi vya mwanzo, vile ambavyo vijana waliweza kuvimudu, vilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mbili, inasikika moja. Hapo huwezi kujificha nyuma ya makodi manene. Unatafuta melodi nyepesi inayokamata, au huna wimbo. Depeche Mode walikuwa vijana wa Basildon, mji wa kawaida kabisa nje ya London, na "Just Can't Get Enough" ya 1981 imesimama juu ya noti chache ambazo hata mtoto anaweza kuzipiga mluzi. Mashabiki wa Celtic wakaichukua wakaifanya wimbo wa uwanjani. Wa Liverpool nao wakamwimbia Luis Suárez pale Anfield. Uwanja mzima unapiga kelele melodi ya kinanda, bila kinanda. Hiyo ndiyo mashine isiyo na roho.

Halafu watu hawasikilizi maneno. "Don't You Want Me" ya Human League inachezwa kwenye sherehe kama wimbo wa furaha, kumbe ni jamaa anayemkumbusha mwanamke kwamba alimtoa kwenye uhudumu wa baa akamfanya staa, na dada anamjibu kwamba angefika tu hata bila yeye. Mapigo yanakwambia ucheze, stori inakuumiza. Kwenye kurasa za umbea za hapa hapa, kila mwezi kuna meneja analia "mimi ndiye niliyemtoa". Wimbo wa 1981 huo, na bado unawasema kwa majina ambayo hayatatajwa hapa.

Ubishi huu ungekuwa wa ladha tu, ungeachwa upite. Tatizo ni kwamba mtu mwenye studio akisema muziki wa mashine siyo muziki, anayesikia ni dogo wa Tandale anayepika singeli kwenye kompyuta ya kuazima, asiyejua gitaa wala hana wa kumfundisha. Inasemekana kuna mmoja alipeleka biti zake kwa mkubwa fulani akaambiwa arudi akishajifunza "ala halisi". Hakurudi.

Mwaka 1980 huko Sheffield, Human League walivunjika katikati, wale wawili waliojua vyombo wakaondoka, na ziara ya Ulaya ilishapangwa. Philip Oakey, ambaye mwenyewe hakuwa mwanamuziki wa kusomea, akaenda club akawaona wasichana wawili wanacheza, wanafunzi wa shule bado, akawachukua wote wawili. Kuimba walikuwa hawajawahi kuimba kikazi. Krismasi ya 1981 ngoma yao ilikuwa namba 1 Uingereza, na katikati ya 1982 ikawa namba 1 Marekani. Wale madada, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, hawajaachana na Oakey mpaka leo, na tiketi za ziara zao bado zinauzwa.