Kijitawi Katika Kofia

Kila ifikapo tarehe 17 Machi, picha nyingi zitufikiazo kutoka Marekani ni za watu waliovaa kofia za plastiki za rangi ya chanikiwiti, bilauri za bia mikononi, hata mtazamaji akadhani kwamba sikukuu ya Mtakatifu Patrick ni siku ya ulevi tu. Nami nasema kwamba dhana hiyo inawadhulumu Waayalandi wa New York.

Zefe yao, iliyoanza 1762, miaka 14 kabla Marekani haijajitangazia uhuru, hupita Fifth Avenue kwa miguu, pasipo magari ya mapambo, na ndani yake huinuliwa beramu za kaunti zote 32 za Ayalandi. Viazi vilipoanza kuozea shambani mwaka 1845, njaa ikaua watu wapatao milioni moja, ilhali nafaka na mifugo ya nchi hiyo hiyo vikipakiwa merikebuni kwenda Uingereza, zaidi ya milioni wengine walihama. Na mhamiaji aliyeteremka bandarini mikono mitupu, jina la kaunti yake alikuwa nalo.

Lakini alama inigusayo kuliko zote ni ndogo mno. Tangu 1851 hutangulia kikosi cha 69 cha askari wa New York, pamoja na mbwa warefu wa Kiayalandi, na askari wamechomeka kofiani kijitawi cha mti usiopukutisha majani. Desemba 1862, huko Fredericksburg, katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, bendera ya kijani ya kikosi hicho ilikuwa imeraruka, imerudishwa New York; basi Jemadari Thomas Francis Meagher akaamuru askari watie vijitawi kofiani, wapate kujulikana kuwa ni Waayalandi. Wakaukabili ukuta wa mawe uliomsitiri adui, wakaanguka kwa mamia, na maiti zilizokutwa karibu na ukuta zilikuwa na majani yale kofiani.

Sina neno na mto wa Chicago, ambao tangu 1962 mafundi bomba huumwagia unga wa rangi ya machungwa, maji yakageuka kijani: furaha ni haki ya kizazi cha walionusurika. Bia iliyotiwa rangi, hiyo naikataa.

Ndugu msomaji uishiye New York, Machi ijayo simama Fifth Avenue mapema, kikosi cha 69 hakijapita, uzitazame kofia za askari.