Kila mtu mbele ya nyumba yake

Jambo la leo halibagui dini. Mwizi anaporuka ukuta haulizi kama mwenye nyumba husali Ijumaa au Jumapili.

Miezi michache iliyopita mama mmoja alinifuata sakristia baada ya Misa ya kwanza. Mwanawe, kijana wa miaka 19, alikuwa ameuawa juzi yake usiku. Hakuuawa na majambazi. Aliuawa na majirani. Ilisemekana alikutwa na simu isiyo yake, zikapigwa kelele za "mwizi!", na polisi walipofika alikuwa ameshakata roho. Mama yule hakuja kumsafisha mwanawe. Alisema: "Baba, mwanangu alikuwa anaiba, nalijua hilo. Nimekuja kuuliza kama utamzika."

Nilimjibu kwamba nitamzika, nikamzika. Lakini jumuiya yake, ambayo msiba ukitokea hujaza viti vyote vya turubai, siku ile ilileta watu sita. Wengine waliona aibu. Wengine walisema wazi kwamba kijana yule aliwahi kuwaibia. Na mtu mzima mmoja, ninayemheshimu, alinivuta pembeni akaniambia hawezi kuja makaburini kwa sababu usiku ule alikuwepo. Hakuniambia katika kitubio, na ameniruhusu niandike maneno haya bila kumtaja. Mama naye ameniruhusu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani tunachokilinda tunaposema tunalinda mtaa.

Nahudumu Temeke. Kwa sensa ya mwaka 2022 manispaa hii ina watu zaidi ya milioni 1.3, kati ya watu 5,383,728 wa Mkoa wa Dar es Salaam. Asiyeishi huku anaweza kudhani tunazidisha tunapolalamika kuhusu usalama. Njoo uishi na mama lishe anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi sokoni, na vijana wa viwandani wanaomaliza zamu usiku na kutembea kwa miguu kutoka kituo cha daladala hadi ndani Charambe au Buza, mahali ambapo taa ya barabarani ni ya jirani mwenye moyo. Vibaka wa pikipiki hukwapua simu sikioni. Usiku nyavu za dirisha huchanwa na suruali yenye mshahara huvutwa kwa kijiti. Kwa mtu mwenye akaunti tatu, kuibiwa simu ni usumbufu. Kwa muuza samaki ambaye mtaji wake wote umo ndani ya simu ile, ni watoto kutokula wiki nzima. Kwa hiyo sitaki padri yeyote, nikiwamo mimi ninayelala nyuma ya geti la parokia, awahubirie watu huruma kwa wezi bila kwanza kuheshimu machozi ya walioibiwa.

Tena hofu yenyewe ni mzigo juu ya mzigo. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2015, jina la "Panya Road" lilipowafanya watu wafunge maduka na kukimbia ovyo, mitaa mingi ikikimbia uvumi tu. Septemba 2022 jina lile likarudi, na safari hii kulikuwa na damu, binti alipouawa nyumbani kwao Kawe. Waliotajwa katika magenge yale wengi walikuwa vijana wadogo wenye mapanga. Walikuwa watoto wa mtu. Walizaliwa hospitali zetu, wakapita shule zetu, na bila shaka baadhi yao walipita mikononi mwetu sisi makatekista na mapadri.

Nikitafuta mwanga katika Maandiko, narudi mara nyingi kwenye kitabu cha Nehemia. Ni katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, Yerusalemu haina ukuta, malango yameungua, na anayetaka kuingia kuiba huingia. Nehemia anafika, anazunguka usiku kukagua uharibifu, kisha anawaita watu kujenga. Sura ya 3 wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni orodha ndefu ya majina. Naomba leo usiiruke.

Katika orodha ile neno moja linarudi tena na tena: fulani alitengeneza mbele ya nyumba yake. Makuhani nao wanajenga, kila mmoja mbele ya nyumba yake (Neh 3:28). Shalumu anajenga pamoja na binti zake (3:12). Na yupo Meshulamu, ambaye hakutajiwa nyumba bali chumba tu, naye anajenga mbele ya chumba chake (3:30). Nikimsoma Meshulamu nawakumbuka wapangaji wa Mbagala na Tandika, wanaosema, "Mimi mpangaji tu, mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba." Meshulamu hakusema hivyo. Wapo pia wakubwa wa Tekoa, ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kwa kazi ile (3:5). Biblia haisemi waliadhibiwa. Imeandika tu kwamba hawakujenga, na mpaka leo tunasoma.

Ukuta ulipokwisha, baada ya siku 52, Nehemia hakuajiri walinzi kutoka mbali. Aliweka zamu za wakazi wenyewe, kila mtu akilinda kuelekea nyumba yake (7:3). Sisi tunaita ulinzi shirikishi na kudhani ni jambo la jana. Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowachosha. Nao pia, pamoja na mema waliyofanya, walituachia onyo: mlinzi asiye na wa kumwuliza anaweza kugeuka mwonevu. Kwa hiyo zamu ya mtaa lazima ijulikane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa polisi wa kata, majina yaandikwe, na kijana wa zamu ajue kwamba kazi yake ni kupuliza filimbi, kukamata na kukabidhi. Kuhukumu hakumo katika kazi hiyo.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Nimewasikia watu wema, wanaopokea Ekaristi, wakisema: "Baba, ukimpeleka polisi, jioni unamkuta kijiweni anakucheka." Malalamiko haya yana ukweli wake, na wenye mamlaka wanapaswa kuyasikia, hasa pale ambapo mtu ameachiwa kwa hongo. Lakini tuseme na upande wetu. Dhamana ni haki ya kisheria. Mtu kutoka nje si lazima awe amenunua mlango. Na kesi nyingi hufa kwa sababu mlalamikaji na mashahidi hawatokei mahakamani. Tulikuwa 50 usiku ule tukimpiga, na siku ya ushahidi asingepatikana hata mmoja. Je, hilo nalo ni kosa la polisi?

Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Lakini mimi si wakili, nazungumza kama padri. Amri ya tano haikuandikwa kwa ajili ya majambazi peke yao. Anayerusha jiwe katika kundi la watu 50 hajafanya sehemu moja ya hamsini ya dhambi. Hatia haigawanywi kama mchango wa harusi. Soma Yohane sura ya 8, uone kwamba Yesu hakusema yule mwanamke hana kosa. Alimwambia asitende dhambi tena. Lakini kwanza aliyafanya mawe yaanguke.

Na hata asiyejali dhambi ajali akili. Kundi lenye hasira halichunguzi. Mitaani tunajua wapo waliopigwa kwa sababu walikuwa wageni njiani, au kwa sababu mtu mwenye ugomvi nao alipiga kelele ya kwanza. Na hata akiwa mwizi kweli, maiti haimtaji mnunuzi. Yule aliyemtuma, aliyempa pikipiki, anayezipokea simu asubuhi, wote wanalala salama mwizi mdogo anapochomwa moto. Tunakata jani, mizizi inatushukuru.

Nimetaja mnunuzi. Ndugu msomaji, samahani, lakini simu yako uliinunua wapi? Simu ya laki nne kwa elfu themanini, haina boksi, haina risiti, muuzaji ana haraka. Kioo cha gari kilichoondolewa jana ubavuni mwa gari la jirani kinarudi kwa bei nafuu, na tunashukuru Mungu kwa kutuokolea fedha. Kupokea mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria, na mbele ya Mungu ni kuvunja amri ya saba, hata kama mkono ulioiba si wako. Mafundisho ya Kanisa yanaongeza jambo tunalolisahau kitubioni: kilichoibwa hurudishwa. Zakayo hakutoa ahadi ya kusali zaidi; alitoa ahadi ya kurudisha mara nne (Lk 19:8). Tukiacha kununua, kibaka atakwapua nini, na amuuzie nani?

Turudi kwa Nehemia, maana hatujamaliza. Kati ya sura ya ukuta kuanza na ya ukuta kwisha ipo sura ya 5, na pale kazi inakatizwa na kilio. Adui wa nje hayumo. Wanaolia ni maskini wa mji uleule, wakisema wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wameingia utumwani kwa madeni ya ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika sana. Aliwaita wakubwa, akawataka warudishe mashamba na waache riba. Yeye mwenyewe aliacha kula posho ya liwali. Alielewa kwamba ukuta unaozunguka watu wenye njaa haulindi mji, unaifungia njaa ndani tu.

Je, kilio cha sura ya 5 hatukisikii Temeke? Kijana amemaliza kidato cha nne hana pa kwenda. Mwingine amechukua pikipiki ya mkataba. Hesabu ya siku isipotimia, inanyang'anywa akiwa amebakiza miezi miwili. Mwingine ameingia katika dawa za kulevya, na mwili unamdai kila baada ya saa chache. Huyu tunamwita teja kana kwamba alizaliwa na jina hilo. Tangu mwaka 2011 tiba ya methadoni ilipoanza Muhimbili, na baadaye hapa Temeke, nimeona watu waliokuwa wakivizia nyavu za madirisha wakirudi kuwa mafundi na baba wa watoto. Kumpeleka kijana mmoja kliniki, na kumsindikiza wiki za mwanzo, ni ulinzi wa mtaa kuliko kuongeza safu ya vipande vya chupa juu ya ukuta.

Sisemi umaskini unahalalisha wizi. Temeke imejaa maskini waaminifu, na kusema hivyo ni kuwatukana. Nasema tu kwamba anayetaka ukuta bila sura ya 5 hajamwelewa Nehemia.

Basi tufanye nini? Kanisa katika Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970, liliweka nguvu yake katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kaya chache zinazofahamiana kwa majina. Juma hili, jumuiya itakapokutana, baada ya kusoma Neno, ulizeni maswali haya. Je, mtaa wetu una zamu, na wangapi kati yetu wanaikwepa au hawajatoa mchango wake? Njia gani haina taa, na nani anaweza kuning'iniza balbu nje ya mlango wake? Je, namba ya simu ya polisi wa kata tunayo? Kijana yupi katika kaya zetu ameanza kurudi usiku wa manane na vitu visivyo vyake, na nani ataongea naye kabla filimbi haijapulizwa? Kisha nendeni kwa jirani Mwislamu na jirani Mlutheri, mkaulize yote hayo pamoja. Pale Yerusalemu ukuta ulisimama kwa sababu kipande cha mmoja kiliungana na cha mwenzake.

Nabii Zekaria anatupa kipimo cha mji ulio salama, nacho hakimo katika takwimu za polisi. Anaona wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na njia zimejaa watoto wa kiume na wa kike wanaocheza (Zek 8:4-5). Yaani bibi anakaa barazani jua likizama bila kukimbilia ndani, na mtoto anatumwa chumvi dukani akarudi na chenji.

Yule mama bado anasali nasi. Hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Dominika moja niliona mtu mzima niliyemtaja amekwenda kukaa benchi lile lile. Hawakuzungumza. Wakati wa kutakiana amani alimgeukia akampa mkono, mama akautazama kwa muda mrefu, kisha akaupokea. Sijui kilichokuwa mioyoni mwao. Ila najua kwamba jioni ile yule bwana alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaomba jina lake liandikwe katika zamu, na akaomba apewe filimbi.

Bwana asipoulinda mji, Zaburi inatukumbusha, alindaye akesha bure (Zab 127:1). Akesha bure, lakini akesha. Tumwombe Bwana alinde, nasi tusilale. Nawatakia Dominika njema na usiku wa amani.