Mshtarii Si Soja Wetu

Wacha niseme tu: hii stori ya "Mshtarii ndiye mlinzi wa Dunia" imenichosha. Kila wiki video mpya, muziki wa huzuni nyuma, ati sayari kubwa imesimama huko nje ikitukinga na mawe. Wasee, soja mnayemsifu ndiye aliyewafungulia wezi geti.

Angalieni ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii. Miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita, mawe ya pale yalikuwa yanagongana polepole na kushikana. Sayari hujengwa hivyo. Mshtarii alipokua, mvutano wake ukavuruga njia zao na mwendo ukapanda. Siku hizi yakikutana ni kama kilomita 5 kwa sekunde, na kwa mwendo huo hakuna kushikana, ni kusagana. Kusanya ukanda wote leo, hufikishi hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi.

Na hakutulia mahali pamoja. Mwaka 2011 Kevin Walsh na wenzake walipendekeza kwamba Mshtarii alisogea ndani hadi karibu na Mirihi ilipo leo, kisha Zohali akamvuta kurudi nje. Wanasayansi bado wanabishania hilo, sawa. Lakini linaeleza mbona Mirihi ni ndogo hivyo, na mbona ukandani mawe makavu yamechanganyika na meusi yenye kaboni yaliyozaliwa mbali na Jua.

Sasa lile jiwe lililomaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita? Utafiti wa 2024 katika jarida la Science ulionyesha ni la aina hiyo ya mbali, lililoumbika nje ya njia ya Mshtarii. Soja alikuwa wapi?

Najua mtaniletea 1994, nyotamkia Shoemaker-Levy 9 ilipomwangukia. Hiyo haikuwa inakuja kwetu, bana. Ilikuwa inamzunguka yeye, na ni yeye aliyeipasua vipande miaka miwili kabla.

Ndiyo, kuna mawe mengi anayoyarusha nje kabisa. Lakini mengine anayasukuma huku hadi leo: jiwe linalozunguka Jua mara 3 Mshtarii akizunguka mara 1 huvutwa vilevile kila raundi, njia yake inarefuka, mwishowe inakata yetu.

Ulinzi niliouona mimi ni wa Septemba 2022, NASA ilipogongesha chombo makusudi kwa kajiwe Dimorphos na kupunguza mzunguko wake kwa dakika 32 hivi. Hiyo mbona haina muziki wa huzuni?